Kabla ya Kununua Pochi ya Kripto, Tafuta Pa Kuweka Maneno

Wateja wangu wengi wanaoniletea simu zilizokufa huuliza kwanza kama picha zitarudi. Siku hizi limeongezeka swali jingine, nalo huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akiwa ameinama juu ya kaunta: "Fundi, na pesa zangu je?" Hazungumzii M-Pesa. Laini ya M-Pesa ikipotea utaenda na kitambulisho, utarudishiwa namba yako, na salio utalikuta palepale. Anazungumzia kripto: dola za kidijitali za USDT alizonunua kwa P2P, yaani moja kwa moja kutoka kwa mtu mwingine, au Bitcoin aliyokuwa akiidunduliza kila mwisho wa mwezi. Programu ya pochi ilikuwa ndani ya simu. Simu imeingia maji ya chumvi, bodi imeliwa na kutu, na yale maneno 12 aliyoambiwa ayaandike siku ya kwanza hakuyaandika. Au aliyapiga skrinshoti, na skrinshoti imo ndani ya simu ileile.

Duka langu liko hapa Mombasa, karibu na Mwembe Tayari. Baadhi ya bodi hizo tunazifufua. Nyingine hazifufuki, na mwenyewe huondoka mikono mitupu, kwa sababu hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Ukituma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi, unaupeleka ujumbe ule kwa 456 na una nafasi ya kurudishiwa. Kwenye kripto hakuna 456. Ndiyo maana wenye kiasi cha maana huanza kuulizia kile kifaa kidogo kinachofanana na flashi, wanachosikia kikiitwa Ledger au Trezor, na wakishaambiwa bei wanataka kujua kama kweli kina faida. Kina faida kubwa. Lakini karibu kila anayeniuliza anataka kujua kifaa kipi anunue, na ni nadra nikutane na aliyekwisha kufikiria maneno atayaweka wapi. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi yote ilipo.

Kwanza tuelewane kifaa hicho kinafanya nini. Sarafu haziko ndani yake. Bitcoin ni daftari moja kubwa lililonakiliwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na daftari hilo linasema anwani fulani ina kiasi fulani. Anayeweza kukihamisha kiasi hicho ni mwenye ufunguo wa siri wa anwani hiyo, yaani namba ndefu mno ambayo hakuna awezaye kuikisia. Ukiweka pochi kwenye simu, ufunguo unakaa ndani ya simu hiyo pamoja na michezo ya watoto, programu za mikopo na faili ulizotumiwa na watu usiowajua. Ukiziacha sarafu kwenye soko la kripto, ufunguo ni wa soko, wewe huna. Waliokuwa na pesa zao Mt. Gox kule Japani mwaka 2014, na waliokuwa nazo FTX ilipoanguka Novemba 2022, waliliona salio lao kwenye kioo na hawakuweza kulitoa.

Kifaa kinaitengeneza ile namba ndani yake, kinaitunza humo, na kinatia saini humohumo. Simu au kompyuta inakipelekea muamala, chenyewe kinauonyesha kwenye kioo chake, wewe unabonyeza kukubali, na kinachotoka nje ni saini peke yake. Hata kompyuta yako ikiwa imejaa virusi, ufunguo virusi hivyo havitauona. Trezor ya kwanza, kazi ya kampuni ya SatoshiLabs ya Prague, ilianza kuwafikia wateja mwaka 2014. Ledger ni kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka huohuo. BitBox02 inatoka Uswisi, Coldcard inatoka Kanada. Msingi wa vyote ni mmoja.

Siku unapokiwasha mara ya kwanza, kifaa kinakuonyesha maneno, kwa kawaida 12 au 24, na kukuambia uyaandike. Maneno hayo ndiyo asili ya funguo zako zote, yamewekwa hivyo ili binadamu aweze kuyaandika bila kukosea. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyopendekezwa mwaka 2013 na ambayo kampuni nyingi zinaifuata hadi leo. Kifaa kikiungua, kikiibiwa, au kampuni yake ikifunga milango, unanunua kingine, hata cha kampuni tofauti inayofuata orodha hiyo, unaingiza maneno kwa mpangilio wake, na pesa zako zinaonekana tena. Lakini mtu mwingine yeyote atakayeyapata maneno hayo hahitaji kifaa chako, wala PIN yako, wala simu yako. Atayaingiza kwenye simu yake popote alipo na kuhamisha kila kitu wewe ukiwa umelala.

Kuna kisa ambacho namsimulia kila anayenisikiliza, na kinanigusa kwa sababu ni kisa cha ufundi. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilieleza jinsi ilivyoichunguza Trezor Model T ya mtu aliyeibiwa. Alikuwa ameinunua kwenye tovuti ya matangazo madogo madogo, kwa muuzaji aliyeonekana kuaminika. Boksi lilikuwa limefungwa, stika zake za kung'aa zilikuwa mahali pake, na kifaa kiliwaka na kufanya kazi vizuri. Siku pesa zilipoondoka, zaidi ya bitcoin moja, kifaa hakikuwa hata kimechomekwa kwenye kompyuta.

Walipokifungua waliona mambo ambayo fundi yeyote angeyaona. Vipande viwili vya plastiki vya Trezor halisi huunganishwa kiwandani bila gundi, kwa mitetemo inayovifanya vishikane kabisa. Hiki kilijaa gundi na mkanda wa kunata pande mbili. Ndani, chipu kuu ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa nyingine inayofanana nayo, na alama za kulehemu zilikuwa bado zinaonekana. Programu yake iliguswa mahali pachache, na palipoguswa ndipo penye roho: badala ya kutengeneza maneno mapya, kifaa kilikuwa kikichagua fungu moja kati ya mafungu 20 yaliyotayarishwa na wezi. Mwenye kifaa aliandika maneno yake kwa uangalifu na kuyaficha, na muda wote huo wezi walikuwa nayo. Walichokuwa wakingoja ni mzigo uongezeke.

Kwa hiyo kwenye kununua sina msamaha. Nunua kwa kampuni yenyewe, au kwa wakala ambaye jina lake umelikuta kwenye tovuti ya kampuni hiyo. Usinunue Facebook, usinunue kwa mtu wa Telegram, usinunue kilichotumika hata kama kinauzwa na binamu yako aliyerudi kutoka Dubai, maana yeye mwenyewe huenda hajui alikouziwa wamefanya nini. Ukifungua boksi ukakuta karatasi ambayo maneno 24 yameshaandikwa, umekutana na mwizi. Maneno lazima yazaliwe mbele ya macho yako, kwenye kioo cha kifaa.

Na ukiagiza, usitoe anwani ya nyumbani. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, na Desemba mwaka huo zikamwagwa hadharani: majina, anwani za nyumba na namba za simu za watu wapatao 272,000. Vifaa vyenyewe havikuvunjwa, lakini tapeli alishajua nani anacho na anaishi wapi. Mwaka uliofuata baadhi yao waliletewa kwa posta vifaa bandia ambavyo hawakuviagiza, pamoja na barua iliyodai kwamba kile cha zamani si salama tena. Tumia sanduku la posta au ofisi ya kampuni ya usafirishaji, na barua pepe ambayo huitumii kwa jambo lingine.

Sasa, kipi? Vifaa vya bei ya chini vya kampuni kubwa huuzwa chini ya dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Kama kripto yako yote haifiki mara tatu au nne ya gharama hiyo, subiri. Endelea na pochi ya simu, ila andika maneno yake kwenye karatasi leo hii. Kama umevuka hapo, angalia kwanza sarafu zako. Coldcard ni ya Bitcoin peke yake. Watu wengi ninaokutana nao wameshika USDT ya mtandao wa Tron, na mwenye hiyo ni lazima ahakikishe kabla ya kulipa kwamba kifaa na programu yake vinaikubali Tron, kisha aweke na TRX kidogo, sarafu ya mtandao huo, kwa ajili ya ada, kwani bila ada USDT hiyo haisogei. Nimeona mtu akiagiza kwanza na kusoma baadaye.

Jambo la pili ni kioo. Wengine hutazama rangi na Bluetooth, mimi natazama kioo, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee utakachoweza kukiamini siku kompyuta yako itakapokudanganya. Kioo chembamba kinakulazimu kusukuma anwani vipande vipande ili uisome yote. Watu huchoka, wakabonyeza. Ukiwa na uwezo wa kuongeza fedha upate kioo kinachoonyesha anwani nzima kwa mara moja, ongeza.

Kisha kuna mjadala wa chipu. Trezor za mwanzo zilitumia chipu ya kawaida. Januari 2020 maabara ya usalama ya soko la kripto la Kraken ilionyesha kwamba mwenye kifaa hicho mkononi kwa dakika kama 15, pamoja na vyombo vyake, angeweza kuutoa ufunguo. Mwaka 2022 fundi wa Marekani, Joe Grand, alisimulia jinsi alivyoifungua Trezor ya mtu aliyesahau PIN, ndani mkiwa na ufunguo wa sarafu za thamani ya dola milioni 2 hivi. Aliuchezea umeme unaoingia kwenye chipu kwa muda mfupi mno, mara nyingi mno, mpaka chipu ikakosea hatua moja na kuacha mlango wazi. Kazi ile naiheshimu sana. Ledger walitumia chipu ya usalama tangu awali, chipu ya jamii ile iliyo kwenye kadi za benki, na Trezor nao wakaiweka kwenye Safe 3 ya mwaka 2023. Upande mwingine, programu za Trezor ziko wazi kwa yeyote kuzikagua, ilhali sehemu ya programu ya Ledger imefungwa. Mei 2023 Ledger walipotangaza huduma ya kulipia ya kuhifadhi ufunguo wa mteja katika vipande vitatu kwenye kampuni tatu, wateja wengi walikasirika, kwa sababu hawakuwa wakijua kwamba programu ya kifaa inaweza kuutoa ufunguo nje hata kwa ridhaa yao. Huduma ile ni ya hiari. Mimi nisingejiunga nayo. Lakini kwa mtu wa kawaida, kampuni yoyote kati ya hizi inatosha, na muda unaoutumia kuzilinganisha ungekufaa zaidi kwenye hatua inayofuata.

Kifaa kikishafika, usikiwashe dukani wala ofisini. Kamera za ulinzi ziko kila pembe siku hizi, na kamera nzuri inasoma mwandiko wako kutoka kwenye dari. Kaa nyumbani, usiku, mlango umefungwa. Programu ya kompyuta ipakue kwenye tovuti ya kampuni, ukiandika anwani yake kwa mkono wako kama ilivyo kwenye boksi. Usitafute Google ukabonyeza tangazo la juu. Novemba 2023 programu bandia ya Ledger ilikuwa imekaa ndani ya duka la programu la Microsoft lenyewe, na walioipakua walipoteza bitcoin zaidi ya 16 kwa jumla. Programu halali itakagua kama kifaa ni cha kweli na kukiletea toleo jipya. Iache imalize.

Maneno yakianza kutokea, yaandike kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka karatasi ikilowa. Herufi kubwa, zilizotengana, na namba ya kila neno pembeni. Orodha ya yale maneno 2,048 ipo kwa Kiingereza na lugha nyingine chache, Kiswahili hakimo, kwa hiyo nakili herufi kwa herufi kama zilivyo kwenye kioo, hata kama neno hulijui. Usiyapige picha. Usiyatume WhatsApp kwa namba yako mwenyewe. Usiyaweke kwenye barua pepe wala Google Drive. Usiyachape mahali popote penye kibodi iliyounganishwa na intaneti.

Hatua inayofuata karibu kila mtu huiruka, na mimi naihesabu kuwa muhimu kuliko aina ya kifaa. Tuma kiasi kidogo, tuseme cha shilingi mia tano au elfu moja. Kisha kifute kifaa. Ledger hujifuta yenyewe PIN ikikosewa mara tatu mfululizo, basi ikosee kwa makusudi. Utaiona skrini ikirudi kama siku ya kwanza na moyo utakudunda. Chukua karatasi yako, weka PIN mpya, ingiza maneno, fungua programu. Kama zile shilingi mia tano zimerudi, karatasi yako ni sahihi na sasa unaweza kuleta nyingine. Kama hazikurudi, umepoteza nauli ya matatu badala ya akiba ya miaka. Yuko anayegundua baada ya muda mrefu kwamba neno la 17 alilikosea herufi, na anagundua siku kifaa chake kimekufa.

Karatasi hapa pwani haina maisha marefu. Unyevu, mchwa, paa linalovuja, moto wa nyaya za stima: vyote tunavijua. Weka maneno kwenye chuma kisichoshika kutu. Zipo sahani za kuagiza, lakini waweza kujitengenezea. Nunua bamba dogo la chuma cha pua, ukipata cha daraja la 316 linalotumika kwenye vyombo vya baharini ni bora zaidi, na seti ya herufi za kugongea kwenye duka lolote kubwa la vifaa vya ujenzi. Huhitaji kugonga neno zima. Orodha ile ilipangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha neno na mengine yote, na lenye herufi tatu unazigonga zote. Lilaze bamba juu ya chuma kizito, kipande cha reli ndicho kizuri, kwa sababu juu ya meza ya mbao herufi inaruka na kujigonga mara mbili. Pigo moja, zito, mkono umenyooka. Piga mstari kwa penseli kwanza ili zisipande na kushuka. Kazi hii ifanye mwenyewe. Fundi wa jua kali ni mtu mwema, lakini ukimpa karatasi ile akugongee, umempa pesa zako.

Tengeneza nakala mbili na uziweke nyumba mbili tofauti. Ziweke ndani ya bahasha iliyofungwa kwa namna utakayoijua ikifunguliwa, na uzitazame mara kwa mara. Wapo wanaoyakata maneno nusu kwa nusu, 12 kwa mama na 12 kwa kaka, wakidhani wameongeza usalama. Nusu moja ikipotea, umepoteza zote. Anayetaka kugawanya afuate njia iliyobuniwa kwa kazi hiyo: baadhi ya Trezor zinaweza kutoa mafungu matatu ya maneno 20, ambapo mawili yoyote yanatosha kurejesha na moja peke yake halina faida kwa mwizi. Lipo pia lile neno la ziada unaloweza kuliongeza juu ya 24, linalofungua pochi iliyofichika. Lina nguvu, ingawa yule aliyeibiwa wa kisa cha Kaspersky hata hilo lisingemsaidia, kwani kifaa kile kingeshika herufi ya kwanza tu ya neno lake. Kwa familia nyingi ninazozijua silipendekezi. Hatari ya kulisahau ni kubwa kuliko hatari linayoizuia.

Baada ya hapo adui anabadilika. Hakivunji kifaa tena, anakuomba wewe ubonyeze. Tarehe 21 Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa Ethereum ya thamani ya takriban dola bilioni 1.5, na FBI ikasema ni kazi ya Korea Kaskazini. Pochi ile ilihitaji saini za watu kadhaa, na watia saini walikuwa na vifaa hivihivi mikononi. Wezi walikuwa wameubadilisha ukurasa waliokuwa wakiutumia: kwenye kompyuta muamala ulionekana wa kawaida, wakati uliofika kwenye kifaa ulikuwa mwingine, umeandikwa kwa msimbo ambao jicho haliwezi kuusoma. Wakatia saini. Ikiwa kifaa chako kinakuonyesha mfululizo wa herufi na namba usioelewa maana yake, usikubali, hata kama kompyuta inakuharakisha.

Mei 2024 mtu mmoja alituma sarafu za thamani ya dola zaidi ya milioni 65 kwa anwani ya mwizi. Mwizi alikuwa ametengeneza anwani inayoanza na kuishia kama ile aliyoizoea mtu huyo, akamtumia muamala mdogo ili iingie kwenye historia yake, na jamaa akainakili kutoka humo. Baadaye fedha nyingi zilirudishwa, bahati ambayo wewe na mimi tusiitegemee. Anwani ya Tron ina herufi 34, zisome zote, kwenye kioo cha kifaa. Ni dakika moja.

Na yeyote anayekuomba maneno yako ni mwizi: awe ni huduma kwa wateja wa Telegram, barua yenye nembo, tovuti inayotaka "kuthibitisha pochi", au sauti laini inayokuita ndugu. Kampuni halali haina haja nayo kamwe. Maneno huingizwa kwenye kifaa chenyewe, wakati wa kurejesha tu.

Hali kadhalika, usimwambie mtu unacho. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa pamoja na mwenzi wake, na watekaji wakamkata kidole wakidai fidia ya kripto kabla ya polisi kumwokoa. Hakuna chipu inayozuia hilo. Kijana anayeweka picha ya kifaa chake kwenye statasi ya WhatsApp anawaonyesha watu mahali pa kuanzia.

Lakini yuko anayepaswa kujua. Mama mmoja aliniletea kifaa cha marehemu mumewe, baharia aliyekuwa akilipwa dola.

"Mwanangu, nimeambiwa humu mna pesa," akaniambia.

"Huenda zimo, mama. Aliacha karatasi yoyote yenye maneno mengi ya Kiingereza?"

"Aliacha funguo za nyumba na kadi ya benki."

Kifaa kilikuwa kizima, kinaomba PIN. Sikukigusa, kwa sababu makosa matatu yangekifuta. Nilimwambia apekue kila daftari, kila msahafu, kila kopo la chai, mifuko ya makoti yake ya melini. Alirudi baada ya muda akasema hakuona kitu. Kadhi anaweza kugawa mirathi, akampa mke thumni yake na watoto haki yao, lakini hakuna kadhi wala hakimu awezaye kukifungua kile kifaa. Zile pesa, kama zilikuwepo, ziko kwenye daftari la dunia hadi leo na hakuna mkono wa kuzihamisha.

Andika wasia. Usiyaweke maneno ndani yake, kwa kuwa wasia husomwa na watu wengi. Andika kwamba mali hii ipo, bamba liko kwa nani, kifaa kiko wapi, na mtu gani mwaminifu anayeelewa mambo haya atamsaidia mjane bila kuyashika maneno yeye. Mwonyeshe mkeo au mumeo, ukiwa hai na mzima, jinsi ya kurejesha kwa kutumia zile shilingi mia tano.

Kuhusu serikali niseme machache. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na usimamizi ukawekwa mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Inawahusu wanaotoa huduma. Huko Tanzania, Benki Kuu ilitoa onyo dhidi ya sarafu hizi Novemba 2019, na mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Msomaji wa huko aifuatilie sheria ya kwao kabla ya kuweka fedha. Lakini hakuna sheria ya nchi yoyote itakayokurudishia maneno uliyoyapoteza.

Kama una kifaa hiki kwenye droo na hujawahi kukifuta na kukirejesha kwa karatasi yako, fanya hivyo wiki hii. Hamisha kwanza kilichomo kwenda mahali salama, ubakize kidogo, kisha jaribu. Na kama bado hujanunua, anza na bamba.